Mtu Hachukuliwi Kimya

Tangu Mwenyekiti wetu azikwe, watu wa Mbale wamemgeuza malaika. Loo! Malaika gani huyo aliyekuwa akija hotelini kwangu kila asubuhi, anamaliza chai yote, halafu anarudisha nusu andazi akidai halikuiva ndani, na nusu ya kwanza ameshaimeza? Mimi nilimjua. Nilimpikia miaka mingi, nikagombana naye, nikamlilia. Wacha nimseme nilivyomjua, na asiyetaka kusikia azibe masikio.

Alikuwa askari jela mstaafu, mtu wa kaskazini, mrefu na mkavu kama kuni. Kazi yake yote aliifanya Jinja. Alipostaafu alikuja kukaa Mbale kwa sababu mkewe alikuwa wa huku, na mkewe alipofariki hakurudi kwao. Alikuwa na kofia ya kaki iliyopauka, hata shambani mtu angeona aibu kuivaa. Aliivua kwa mambo mawili tu: akimzika mtu, na akiuliza au akijibu swali mbele ya watu.

Kiswahili chake kilikuwa cha jela. Simama. Kaa. Jina? Sisi tuliozaliwa na lugha hii, wajukuu wa askari walioletwa zamani kutoka Sudani, tulikuwa tukimcheka. Lakini majirani wetu hawakucheka. Kwao Kiswahili ni lugha ya mtu mwenye bunduki; ukiisikia mlangoni unatuliza watoto na kujifanya hupo. Mwenyekiti alilijua hilo. Akienda kuazima jembe kwa jirani alikohoa kwanza, akasema "Mulembe," salamu ya Kimasaba, kwa matamshi ya ajabu, kisha akaongeza, "Ni mimi tu. Mimi peke yangu." Na bado nyumba nyingine zilikaa kimya mpaka aondoke. Hakukasirika. Aliniambia, "Hawa watu wana haki. Ningekuwa mimi, mimi pia nafunga."

Sasa Makamu wake. Makamu wake alikuwa kaka yangu Rajabu, muuza maharage wa jumla, mtu mnene mwenye kicheko cha kusikika mpaka msikitini. Kaka alikuwa wa chama kile kingine. Enzi ya serikali iliyoanguka, serikali ya chama cha Mwenyekiti, kaka alifungwa Jinja bila kesi, na mwenye ufunguo wa mlango wake alikuwa huyu huyu bwana wa kofia.

Vita vilipokwisha, serikali mpya ikasema kila mtaa uchague baraza lake. Karatasi za kura hazikuwepo. Unayemtaka unasimama nyuma yake kwenye mstari, mchana kweupe, na jirani yako anakuona. Yule mzee alisimama mbele, na nyuma yake hakuna hata mbuzi. Nani angejipanga nyuma ya askari jela wa serikali iliyokimbia? Mara nikamwona kaka anatoka kwenye mstari wa watu wake, anavuka uwanja, anasimama nyuma yake. Nilimkimbilia nikamshika kanzu.

"Kaka, huyu si ndiye aliyekufunga?"

"Ndiye."

"Si alikuchapa?"

"Alinichapa sana. Kwa kipande cha sabuni nilichoficha."

"Sasa unafanya nini hapa?"

"Niko hapa, dada. Wenzangu wengine hawako popote."

Baadaye akanieleza. Kule jela kulikuwa na siku lori linakuja kuchukua watu. Askari wengine walikuwa wanageuza uso, wanafungua mlango na kufunga, basi, mtu amepotea kama hakuzaliwa. Huyu mzee alikuwa akisimama katikati ya korido na kupaza sauti kama muadhini: "Fulani bin fulani anatoka! Anachukuliwa na afande fulani! Gari la kijani, linakwenda upande wa daraja!" Wafungwa wote wakasikia, wakakariri, na siku ya kutembelewa wakawaambia jamaa zao. Wakubwa wake walimpiga makofi kwa hilo, wakamnyima cheo, wakampeleka kulinda bustani ya mboga. Alirudishwa korido, akaendelea. Kwa hiyo wenye lori walipenda kuwachukua watu wa korido nyingine, na kaka alikuwa wa korido yake.

Mstari wa kaka ulimfuata nyuma ya mzee, na hivyo ndivyo tulivyompata Mwenyekiti, na sheria yake akaja nayo. Alitundika ringi ya lori kwenye nguzo mbele ya duka la kaka. Akikamatwa mtu yeyote mtaani, wa kwanza kuona anaigonga ringi, na Mwenyekiti anatoka kusema kwa sauti: jina la mtu, nani kamchukua, kwa gari gani, kwenda wapi. Siku ya kwanza walikuja wanajeshi kumchukua fundi wa redio, enzi zile za waasi upande wa Teso, wakati kila mwenye redio alikuwa mwasi. Mwenyekiti akasimama mbele ya gari, kofia mkononi.

"Afande, mimi sikatazi. Kama ana makosa, chukua. Lakini hapa mtu hachukuliwi kimya. Wewe ni nani, na unapeleka hii mtu wapi?"

"Mzee, toka njiani."

"Mimi natoka. Jina lako kwanza."

Wallahi, jina lilisemwa. Na yule mkubwa alivyolisema, mbele ya akina mama wenye ndizi vichwani, aliona vibaya kumpiga fundi tena.

Lakini nusu ya sheria ilikuwa inafuata baada ya hapo, na hiyo ndiyo ninayotaka uishike vizuri, maana ndiyo iliyotuponza. Vyama vilikuwa vimezuiwa kufanya mikutano, lakini ukizuia mkutano hujafuta kilicho moyoni. Kila mtu alijua jirani yake ni wa wapi. Mwenyekiti akasema: akikamatwa mtu wa chama changu, anayekwenda kumsemea ni wewe wa chama kile. Akikamatwa wako, nakwenda mimi. Kamwe mtu asimsemee wa kwake. "Ukisemea ndugu yako," alisema, "wanaona ndugu. Ukisemea adui yako, wanaona neno lenyewe."

Na ilifanya kazi! Alikamatwa mwalimu mmoja wa chama cha Mwenyekiti, na kaka akaenda kituoni kwa kanzu yake nyeupe. Akawaambia, "Mimi huyu simpendi. Chama chake kilinilaza sakafuni Jinja. Nimekuja kwa jambo moja tu, mniambie yuko wapi na kosa lake nini." Mwalimu alirudi nyumbani jua halijazama. Mwenyekiti naye aliwasemea wachuuzi wa upande wa kaka, akianza kwa kuwatukana: "Hawa ni waongo, wanauza mchele una mawe. Lakini wako wapi?" Hata mashemeji wa Katibu wa Ulinzi, mtu wa upande wa serikali katika baraza letu, walisemewa hivyo siku walipokosana na mkubwa fulani. Mitaa mingine ilimwaga damu kwa ajili ya vyama. Wetu uligombana kila siku, lakini hatukupoteza mtu.

Msidhani basi kwamba alikuwa mtakatifu. Aliwahi kumfungia mlevi mmoja katika stoo ya baraza kwa kumpiga mkewe, akatia kufuli, akaenda msibani Jinja, akalala huko. Ufunguo mfukoni mwake! Mlevi alilia humo mpaka mkewe huyo huyo aliyepigwa akamwonea huruma, akawa anampitishia uji kwa mrija chini ya mlango, ile mirija mirefu ya kunywea malwa, pombe ya wimbi. Mwenyekiti aliporudi, nilimtolea maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Nikamwuliza, "Hao waliokuwa wakija na lori walikuzidi nini?"

Alikwenda akaigonga ringi mwenyewe. Watu walipojaa aliwaambia wakae kivulini, yeye akasimama juani, akavua kofia. "Mtu mmoja alichukuliwa. Jina lake mnajua. Aliyemchukua ni mimi. Alimweka stoo. Hakusema kwa mtu." Akaacha waulize. Yule mke wa mlevi aliuliza mpaka jasho la mzee likawa linadondoka kidevuni, na kila akimaliza swali Mwenyekiti alisema, "Ingine." Kuanzia siku hiyo ikawa desturi yetu: kiongozi anayeulizwa anasimama juani bila kofia, wanaouliza wanakaa kivulini. Hata mkubwa wa manispaa alipokuja kueleza kwa nini bomba letu la maji lilikauka, Mwenyekiti alimwonyesha mahali pa kusimama. Yule bwana aliaga mapema, lakini maji yalirudi.

Pamoja na hayo, yeye na kaka hawakuacha kutukanana. Alasiri walikaa nje ya duka na ubao wa mweso, kete zinagonga kwenye vishimo, na kila mmoja anamwibia mwenzake. "Mfungwa wangu," Mwenyekiti alimwita kaka, "rudisha hiyo kete." "Askari wangu," kaka anajibu, "nimetoroka." Wageni walishtuka. Mimi nilizoea, ila kuna siku kaka alicheka halafu akausugua mgongo, na Mwenyekiti akaangalia pembeni. Hakumwomba kaka msamaha kwa zile fimbo hata mara moja. Nilimwuliza sababu, akasema kaka aliiba sabuni. Mtu mgumu, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Ukafika uchaguzi wa tisini na sita. Vile vyama viwili vya zamani, vilivyofungana na kuuana, vikapatana kumuunga mkono mgombea mmoja. Mtaani kwetu watu hawakuamini masikio yao. Siku ya mkutano, Mwenyekiti na kaka waliingia uwanjani wameshikana mikono, mwembamba na mnene, na wanawake tukapiga vigelegele mpaka makoo yakauma. Tuliimba kwamba umoja ni nguvu. Mimi nililia kwa furaha. Nilimwona mtu aliyekuwa kifungoni amemshika mkono mlinzi wake, nikasema moyoni, nchi hii imepona.

Hakuna aliyefikiri. Hata Mwenyekiti, pamoja na akili yake yote, hakufikiri. Mgombea wao alishindwa, tukarudi kwenye kazi zetu, na Katibu wa Ulinzi akaacha kuja kunywa chai kwangu.

Kaka alichukuliwa adhuhuri, akimpimia mteja maharage. Gari jeupe, halina namba, watu waliovaa nusu kiraia nusu kijeshi. Walisema anawapelekea waasi chakula. Niliigonga ringi mimi mwenyewe, niliipiga kwa jiwe la mizani mpaka mkono ukafa ganzi. Mwenyekiti alitoka mbio na kandambili mguu mmoja. "Rajabu anachukuliwa!" alipaza sauti. "Gari nyeupe, bila namba! Wewe ni nani? Unapeleka yeye wapi?" Hawakujibu. Wakati ule walikuwa wameshajifunza kutojibu. Gari lilishika barabara ya Jinja.

Mwenyekiti alivaa viatu, akaenda kwa mkubwa wa usalama pale mjini, kama sheria yake ilivyotaka. Nilimfuata, nikasimama mlangoni. Alianza kama kawaida yake.

"Mimi na huyo Rajabu si chama kimoja. Alikuwa mfungwa yangu. Nimekuja kuuliza tu, yuko wapi."

Yule mkubwa alicheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyechekeshwa kweli.

"Mzee, mimi nilikuwepo uwanjani. Mlishikana mikono. Wewe na yeye ni kundi moja sasa. Unamsemea ndugu yako."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile. Mwenyekiti alivaa kofia humo humo ndani, akatoka, akakaa kwenye ngazi.

"Tumemaliza adui," aliniambia. "Sasa nani atasema?"

Alibaki mmoja tu, Katibu wa Ulinzi, ndiye wa upande mwingine sasa. Tulimwendea nyumbani kwake. Mwenyekiti, ambaye hakuwahi kusema tafadhali, alisema tafadhali. Akamkumbusha wale mashemeji. Katibu alitukaribisha soda, akatazama zulia, akasema, "Mwenyekiti, nina watoto." Watu huniambia nisimlaumu, kila mtu ana watoto. Namlaumu. Nitamlaumu mpaka kaburini.

Rafiki wa zamani wa Mwenyekiti, askari jela mwenzake, akaleta habari: lile gari jeupe lilionekana likiingia kwenye nyumba moja Jinja, yenye ukuta mrefu na lango la chuma, isiyo na kibao. Tulikwenda. Langoni wakasema hawamjui mtu wa jina hilo, hajaletwa hapo, hapo hakuletwi mtu. Tulikwenda tena, jibu lile lile. Mimi nina hoteli, nina wanangu, nilirudi Mbale. Mwenyekiti alirudi mara moja tu, kukabidhi muhuri wa baraza na kuifungua ile ringi kwenye nguzo ili isiwadanganye watu. Kisha akahama.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nikaletewa habari kwamba anaumwa, yuko Masese, kando ya ziwa pale Jinja. Nilipanda basi nikamtafuta. Nilimkuta kwenye mwalo, kati ya vibanda vya wauza samaki, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Wanawake walikuwa wameanika mukene, vile visamaki vidogo, nao walimpa chumba na chakula ili awafukuzie makaroli, wale ndege wakubwa wenye vipara. Alikuwa na fimbo ndefu. Alikuwa amekonda mpaka kofia ilimzidi. Nilipomsalimu alifungua mdomo na ikatoka sauti kama ya karatasi. Koo lilikuwa linaliwa na ugonjwa.

"Umekuja Ijumaa," alisema. "Vizuri. Twende."

"Twende wapi, na hali hii?"

Nikaelezwa na wale wanawake. Kila Ijumaa mzee huyu alijikokota mpaka lile lango, akavua kofia, akasema kwa sauti: Rajabu, muuza maharage ya... la, nisiwasingizie. Alisema jina tu, siku aliyochukuliwa, na gari jeupe, na kwamba liliingia hapo. Kisha akauliza, yuko wapi. Kisha akaondoka. Aliichagua Ijumaa kwa sababu ilikuwa siku ya ibada ya mfungwa wake. Miaka yote hiyo, na mimi Mbale nikikaanga maandazi sijui.

Tulikwenda polepole, ananiegemea. Kwenye lango kulikuwa na kidirisha kidogo, na nyuma yake macho ya askari kijana. Kijana alisema, "Shikamoo, mzee," kama mtu anayemsalimu jirani. Mwenyekiti alivua kofia. Akajaribu. Pumzi ilitoka, neno halikutoka. Akajaribu tena. Kisha akanigeukia.

"Sema wewe."

"Mimi ni dada yake," nilimwambia. "Sheria yako inakataza. Mtu asimsemee wa kwake."

"Hiyo ilikuwa sheria ya watu wengi," alisema, na ilibidi niinamishe sikio. "Tumebaki wawili. Sema."

Nikasema. Nilisema jina la kaka yangu na la baba yetu, na gari jeupe, na kwamba liliingia hapa. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka, watu wa baiskeli wakasimama. Nikauliza, yuko wapi? Nikangoja lile jibu lao, kwamba hawamjui.

Yule kijana alinitazama sana. Labda nafanana na kaka, watu husema tunafanana macho. Akateremsha sauti.

"Mama, nendeni nyumbani. Yule mzee wa maharage walimtoa humu zamani."

Maharage. Sikuwa nimetaja maharage, wala Mwenyekiti hakuwahi kuyataja pale. Nililishika lile lango kwa mikono miwili nikalitikisa, nikapiga kelele, sijui nilisema nini. Kijana alifunga kidirisha. Mwenyekiti aliningoja nimalize, kama alivyokuwa akimngoja mke wa mlevi.

"Umesikia?" aliniambia. "Alikuwa ndani. Wamesema wenyewe." Machozi yalikuwa yanamtoka, mara ya kwanza na ya mwisho mimi kuyaona. Akafuta uso kwa kofia, akaivaa. "Ijumaa ingine tunauliza ile ya pili. Walitoa, wakapeleka wapi."

Hakuifikia Ijumaa hiyo. Tulimzika Jumatano huko huko Jinja, kofia juu ya jeneza, na walioimba sifa zake walikuwa wengi, Katibu wa Ulinzi akiwemo. Mimi sikurudi Mbale nao. Ijumaa nilikwenda langoni, nikasimama juani pale alipokuwa akisimama, nikavua mtandio nikaushika mkononi, Mungu anisamehe. Nikasema jina. Nikauliza, mlimpeleka wapi? Kidirisha hakikufunguliwa. Nikauliza tena.